Kikombe Kilicholala kwa Zamu

Watu wakisikia kwamba nilipiga ngoma kwenye bendi, wanauliza kama ilikuwa ya benga. Nasema hapana, roki. Hapo mazungumzo hufa, na mtu hutafuta habari nyingine, bei ya mkaa au mvua. Siwalaumu. Dagoretti nilikokaa miaka ile ya themanini hakukuwa na mtu hata mmoja wa kuzungumza naye juu ya roki. Ni muziki wa gitaa la umeme lililofunguliwa sauti mpaka linalia, na nyuma yake ngoma zinapigwa kama mtu anayevunja mlango. Mimi ndiye nilikuwa navunja mlango.

Sikuusomea. Shule yenyewe niliiacha mapema, kule kwetu magharibi, ng'ombe walipokosa mchungaji. Nilikuja Nairobi nikaandikwa kazi ya kupiga randa katika yadi ya mbao huku chini mjini, mali ya Singasinga mmoja mkali ambaye hakupenda mtu akae. Hata chai tulikunywa tumesimama. Mtoto wake wa kiume ndiye alikuwa na gitaa. Alikuwa na wenzake wawili: mmoja Mhindi mrefu, baba yake akiuza vitambaa, huyu alipiga gitaa la besi. Wa pili kijana Mwislamu wa mtaa wa Jamhuri, mwimbaji, sauti yake ilikuwa na mikwaruzo kama msumeno usionolewa, na wasichana walipenda hivyo hivyo. Mpiga ngoma wao wa kwanza alikuwa binamu yake huyu wa gitaa. Akaoa, na baba mkwe akasema binti yake hakuolewa na mtu wa makelele. Basi ngoma zikabaki hazina mwenyewe, ndani ya stoo, juu ya vumbi la mbao.

Jumamosi moja baada ya kufunga yadi, yule mtoto wa bosi akanikuta nimezikalia nikizigonga kwa vipande vya mvule.

"Fundi, hiyo iko na taimu," akasema.

"Samahani bosi mdogo, nilikuwa nafuta vumbi."

"Futa tena. Futa hivyo hivyo."

Akachukua gitaa. Tangu siku hiyo nikawa wa nne.

Tuzo ya kwanza tuliipata katika ukumbi wa chuo kimoja mjini. Ilikuwa cheti. Majina ya watatu yaliandikwa kamili na la kwangu likaandikwa "Fundi", maana hakuna aliyewahi kuniuliza jingine, na mimi sikusema. Ya pili ilikuwa picha katika gazeti la vijana. Watu wanasema picha si tuzo, lakini kwetu ilikuwa tuzo, tulinunua nakala nyingi mpaka muuzaji akatuuliza kama kuna aliyekufa. Mimi nilitokea mkono. Mkono tu, na fimbo ya ngoma. Nilimpelekea mke wangu nyumbani nilipoenda likizo, nikamwonyesha: huu hapa ni mkono wangu. Akautazama sana. Akasema ndiyo, ni wako, naujua kwa kile kidole kilichokatwa na randa. Hakuwahi kunisikia nikipiga, mama wa watu. Alibaki na shamba na watoto, mimi nikabaki na chumba changu Dagoretti, karibu na machinjio, ukifungua dirisha unajua leo wamechinja ngapi.

Lakini nilitaka kusema habari za kikombe.

Kulikuwa na mashindano ya bendi pale uwanja wa maonyesho, Jamhuri. Mshindi alipewa kikombe kikubwa cha masikio mawili, na sharti lake lilikuwa hili: unakaa nacho mpaka mashindano yanayofuata, kisha unakirudisha jukwaani na kukitetea. Ukishinda mara tatu kwa kufuatana, ni chako moja kwa moja, hakuna atakayekuuliza tena. Tulishinda mara ya kwanza. Mwaka uliofuata tukashinda tena. Ikabaki moja.

Sasa kikombe ni kimoja na sisi ni wanne. Tukakubaliana kilale kwa kila mmoja mwezi mmoja, Jumapili ya kwanza kinahama. Kwa mpiga gitaa, mama yake alikivika shada la maua ya manjano akakiweka sebuleni mahali pa kila mgeni kukiona. Kwa Mhindi wa besi kilikaa dukani, juu ya marobota ya vitambaa. Kule Jamhuri mama wa mwimbaji alikifunika kwa kitambaa alichoshona mwenyewe, ukitaka kukiona lazima uombe. Na zamu yangu ilipofika nilikibeba ndani ya gunia hadi Dagoretti.

Mama mwenye nyumba aliniona nikikitoa.

"Wewe mtu wa Wahindi! Hiyo umetoa kanisa gani?"

"Sijakitoa kanisani, mama. Tumeshinda."

"Mmeshinda nani?"

"Bendi zote."

"Na wewe ulifanya nini huko?"

"Napiga ngoma."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Lakini jioni alirudi na majirani wawili kukitazama, na kesho yake wengine. Mwezi huo watu walinisalimia. "Sasa, bingwa!" Watu ambao tulikuwa tunapishana kwenye bomba la maji kama miti. Mwezi ukiisha, kikombe kikiondoka, salamu nazo zilipungua. Nilijifunza kungoja zamu yangu kama mtu anayengoja mgeni.

Mwaka wa tatu mashindano hayakufanyika. Wakasema jukwaa linatengenezwa. Mwaka uliofuata wakasema mfadhili amejitoa. Ikawa hivyo, na kikombe kikaendelea kuzunguka kwetu, hakuna aliyekuja kukidai.

Mwimbaji alikuwa wa kwanza kuondoka. Alikwenda Uingereza kuoa, akasema atarudi na mke, hakurudi. Mwezi wake tukaugawana. Kisha Mhindi wa besi, baba yake aliuza duka wakaenda Kanada wote, pamoja na nyanya yao ambaye alikuwa hataki hata kwenda Westlands. Tukabaki wawili, mwezi kwake, mwezi kwangu. Tulipiga bado Jumamosi, gitaa na ngoma, ndani ya yadi. Wimbo ukifika mahali pa mwimbaji tulikaa kimya wote wawili tukahesabu, halafu tukaendelea. Bosi mkubwa alipofariki yadi ikauzwa, na kijana naye akakata tiketi ya kumfuata yule wa besi.

Aliniletea ngoma zote na kikombe kwa pikapu, mpaka mlangoni kwangu.

"Na mwezi wangu ukiisha?" nikamuuliza.

"Mwezi yako ikiisha, fundi, anza mwezi yako."

Alicheka, halafu hakucheka. Akanishika bega, akapanda gari.

Hapo ndipo nilijua kikombe ni kizito. Kilikaa juu ya sanduku langu mwaka na mwaka. Majirani walikizoea, wakaacha kukiona. Jumapili ya kwanza ya mwezi nilikisugua kwa majivu, maana ndiyo siku mtu angekuja kukichukua, na haifai mtu akute kina weusi. Hakuna aliyekuja, najua, walikuwa ng'ambo. Nilisugua.

Kazi niliendelea nayo pale pale yadi, chini ya mwenye mali mpya, na kijana wa gitaa alikuwa akipiga simu pale mara chache, karani ananiita. Siku moja, hii ni miaka ya tisini sasa, mambo yote ni kaseti na vijana wa suruali kubwa, nikaona bango ukutani mjini: mashindano Jamhuri yamerudi. Wenye kikombe wajitokeze. Nilisimama pale mpaka muuza karanga akaniuliza kama nimepotea.

Simu ilipokuja nilimwambia kabla hajanisalimu.

"Bosi mdogo, yamerudi! Imebaki moja tu, kinakuwa chetu!"

Akapiga ukelele nikatoa simu sikioni. "Andikisha jina yetu! Mimi nakuja. Nitaleta huyu wa besi, nitatafuta huyo mwimbaji mjinga. Fundi, kaza ngoma!"

Nikaandikisha. Nikakaza ngoma. Mama mwenye nyumba, ambaye siku hizo alikuwa amezeeka kama mimi, nilimwambia wenzangu wanakuja, akafagia hata ua. Nilinunua vikombe vitatu vya chai, kwa sababu nilikuwa nacho kimoja. Sikufikiria sana habari ya kushinda, nisidanganye. Nilikuwa nafikiria watakaa wapi mle chumbani, nani kitandani, nani kwenye kiti.

Siku moja kabla, karani akaniita kwenye simu.

"Fundi." Ile sauti tu nilijua. "Kazini wamenikatalia ruhusa. Hawa wengine hata... Fundi, unanisikia? Wewe rudisha tu kikombe. Si kitu."

"Sawa."

"Umekasirika?"

"Hapana. Salimia mama."

Kesho yake nilikodi mkokoteni nikapakia ngoma na kikombe. Kama ilikuwa kurudisha kikombe tu, ngoma za nini? Mwenye mkokoteni aliniuliza hilo hilo tukipanda kule Ngong Road, nikamwambia asukume. Nilidhani ningezitazama tu wengine wakipiga. Lakini mtangazaji alipoita jina la bendi yetu, akaliita mara ya pili, hakukuwa na mtu mwingine pale uwanjani wa kuitika.

"Bendi iko wapi?" akaniuliza jukwaani.

"Ni mimi."

"Wewe pekee?"

"Leo, ndiyo."

Watu wakacheka. Mmoja akapiga kelele, "Mzee, wenzako wako choo?" Nikakaa, nikaanza ule wimbo uliotupa ushindi, kwa mwendo wake. Niliupiga wote. Mahali pa mwimbaji nilishusha sauti kama nilivyokuwa nikimshushia. Mahali pa gitaa, pale palipokuwa parefu, mimi kazi yangu ilikuwa kugonga taratibu bila mapambo nisimsumbue kijana wa gitaa. Niligonga taratibu. Wakapiga miluzi. "Washa gitaa!" Nikaendelea kugonga, sikumharakisha, nilijua anakaribia wapi, na alipofika juu kabisa nilimpokea.

Nilipomaliza, dada mmoja mwamuzi aliinua kalamu. "Mzee, huo ulikuwa wimbo au mazoezi?"

"Wimbo, dada."

"Haya. Asante."

Walishinda vijana watatu walioimba wakifuatisha muziki wa kaseti, wepesi sana, nisiwanyime haki yao. Sharti lilikuwa mwenye kikombe amkabidhi mshindi kwa mkono wake, kwa hiyo nikapanda tena.

"Aisee, ni nzito," kijana akasema. "Ni dhahabu, mzee?"

"Si dhahabu. Tumia majivu, itang'aa."

Akakiinua juu, watu wakapiga kelele, nami nikashuka kufunga ngoma zangu.

Nilifika Dagoretti giza linaingia. Mama mwenye nyumba alikuwa mlangoni amenipikia chai kwenye sufuria kubwa, ya watu wengi. Akatazama nyuma yangu, akaona mwenye mkokoteni tu. Akammiminia yule, akanimiminia mimi, tukakaa kwenye ngazi.

"Ilikuwa aje huko?" akasema baadaye.

"Gitaa lilikuwa zuri," nikamwambia. "Leo lilikuwa zuri sana."

Akaniongeza chai.