Chai ya matunda niliyoharibu

Niko na miaka themanini na moja. Nimezika ndugu zangu wote na madaktari wangu wawili, lakini leo aibu imenishinda.

Wambui, bibi ya kijana yangu, alitengenezea wazazi wake chai baridi ya matunda ya passion na ndimu.

Ati haina maziwa! Wakwe wapewe turungi, na mimi niko na ng'ombe tatu?

Nikamwaga maziwa ndani, kimya kimya.

Ikakatika yote, mabonge mabonge.

Mamake akauliza, "Wambui, hata chai imekushinda?"

"Pole, mami," akasema, macho chini.

Na mimi nikageukia dirisha, ati naangalia ng'ombe!

Wambui hana makosa. Ni mimi. Nichekeni tu.

Ulizeni bibi yangu Nyambura. Aliniona nikimwaga, na mpaka sasa hataki kuniongelesha.