Palizi Bila Pombe

Kuna watu wakikusimulia habari za mama zao walioshika dini, utadhani walizaliwa na malaika. Wangu hakuwa malaika. Alikuwa mkaidi, tena mkaidi wa kukera, na akishasema jambo limekwisha, hata ulie mpaka kesho. Lakini nilimpenda sana. Mpaka leo nikisikia mtu anasaga nafaka kwenye jiwe, nasimama kusikiliza, na mimi ni mwanamke mzee mwenye wajukuu.

Mama alikuwa akiamka kabla ya jogoo. Alipiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, akasali, halafu akaanza kusaga hapo hapo bila kunyanyuka. Alisema magoti yakishafika chini, yafanye kazi zote mbili. Alisaga wimbi, yaani ulezi, huku akiimba, na wimbo ulifuata mwendo wa jiwe, ndiyo maana nyimbo nyingine za kanisa mimi nazijua kwa kasi isiyo yake. Unga ukiwa tayari, konzi ya kwanza iliingia kwenye chungu kidogo cha pembeni. Hiyo ilikuwa ya kanisa na haikuguswa hata tukilala njaa. Konzi hiyo ilinichoma moyo. Nilikuwa msichana mkubwa wa kushika jembe, na tumbo la mtu anayelima halina subira na sadaka.

Baada ya hapo ni fungu la Biblia. Hupati uji mpaka useme fungu la wiki. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na kichwa kizito, akachagua fungu fupi kuliko yote yaliyomo kitabuni, akawa analirudia wiki baada ya wiki kwa uso mkavu. Mama alijifanya haoni. Siku nyingine nilimwona akigeukia ukutani ili asituonyeshe kwamba anacheka.

Tena mambo hayo yote yalifanyika kwa Kijaluo. Sisi ni Wakisii wa milima ya Nyamache, Kijaluo tungekitoa wapi? Ni kwamba walimu wa kwanza wa kanisa letu walitoka upande wa ziwani, na vitabu walivyokuja navyo vilikuwa vya lugha yao. Mama alijifunza kusoma kwa Kijaluo, akabatizwa kwa Kijaluo, ikamkaa kichwani kwamba Mungu husemeshwa kwa Kijaluo. Katika soko la Keumbu, kwa wale kina mama wa Kijaluo waliouza samaki, akifungua mdomo tu walikuwa wakicheka. Lakini kwa Mungu alikwenda na lugha hiyo hiyo kila asubuhi, maneno yale yale aliyofundishwa na mwalimu, bila kuongeza wala kupunguza.

Mtu aliyeyasikia maneno hayo kila siku bila kutaka ni nyanya, mama yake baba. Nyumba yake ilikuwa mgongo kwa mgongo na yetu. Nyanya hakuwa na haja na kanisa. Alikuwa mpishi wa pombe ya wimbi, na kilima kizima kiliijua pombe yake. Ukipita kwake jioni ulikuta watu wamezunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, na yeye katikati anawasema vibaya mmoja mmoja, nao wanafurahi. Alitupenda kwa namna ya kutugombeza.

Baba hakuwepo. Alichukuliwa kwenda kwenye vita vya Wazungu, na habari zake zilikuwa zimekauka. Alipokuwepo, yeye na mama walipalilia wimbi lao wenyewe, tukasukuma maisha. Mwaka huo aliobaki mama peke yake ndipo tulipojua kwa nini watu hawapalilii wimbi peke yao.

Wimbi, kwa asiyelijua, lina gugu linalofanana nalo mpaka jicho linadanganyika. Huwezi kupitisha jembe tu. Unapiga magoti, unang'oa kwa vidole, shina kwa shina, na ukichelewa gugu linashinda. Kwa hiyo wanawake wa kwetu walikuwa wakikusanyika, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kazi hiyo ya pamoja tuliiita risaga. Na mwenye shamba, siku ya kwake, alipika pombe. Hiyo haikuwa na mjadala. Mama naye alikuwa ameapa siku ya ubatizo wake kwamba pombe haitapikwa wala kunywewa mikononi mwake.

Baba mdogo, ndugu yake baba, alikuja kuliangalia shamba. Sitaki kumsema vibaya, hakuwa mtu mbaya, na njaa ya watoto wa ndugu yake ingekuwa aibu yake.

"Shemeji," alimwambia mama, "wimbi likikushinda, utahamia kwangu pamoja na watoto. Mtakula. Lakini kwangu kunapikwa pombe, na wewe utapika kama wake zangu wanavyopika. Nyimbo zako za alfajiri utaziacha huku."

Mama akamjibu, "Halijanishinda."

Basi ikawa hivyo. Wimbi likipona, tunabaki nyumbani kwetu na sala zetu. Wimbi likifa, tunakwenda kwa baba mdogo na dini ya mama inabaki mlangoni. Hata mdogo wangu alilielewa hilo.

Mama aliwaita wanawake wa kilimani. Badala ya pombe aliwapikia chungu kizima cha uji mtamu na kuwachemshia ndizi. Wote walisema asante, watakuja, na hakuna aliyekuja. Tuliunywa uji ule wenyewe mpaka tukauchukia, na ulipoanza kuchacha mama akaumwaga nyuma ya nyumba mbio mbio, asije mtu akasema amepika pombe. Hapo nilicheka, nikapigwa kofi.

Tukapalilia sisi watatu, mama, mimi na mdogo wangu. Mgongo ulituuma mpaka tukawa tunatembea tumeinama hata nyumbani. Ijumaa tuliacha kazi mapema, tukateka maji, tukakata kuni, tukapika cha kesho yake, maana jua likizama Sabato imeingia. Jumamosi hatukugusa shamba. Mimi nilikaa kanisani nikiyawaza magugu, ambayo hayakushika Sabato hata kidogo. Nilimwambia mama hivyo tulipokuwa tunarudi. Akaniambia, "Basi wewe ni afadhali yao, wewe umepumzika." Mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Nyanya alikuwa akija kukaa ukingoni mwa shamba na kiko chake. Hakutusaidia, alituangalia tu na kutia maneno. Siku moja akasema:

"Mke wa mwanangu, huyo Mungu wako ni mgeni?"

Mama aliendelea kung'oa.

"Nakuuliza kwa sababu unamsemesha kama mgeni. Mimi ninalala karibu na wewe hivi, nasikia kila asubuhi, na sijawahi kujua unataka nini. Wewe mwenyewe ukiuza kuku kwa lugha hiyo utapunjwa. Sasa mambo ya shamba hili na mume wako unayaelezaje?"

Mama alikasirika. Aling'oa magugu siku hiyo kama mtu anayepigana, na jioni hakumpelekea nyanya mboga kama kawaida yake. Alizipeleka asubuhi, lakini aliziweka mlangoni bila kubisha.

Siku iliyofuata aliamka kama kawaida, akapiga magoti, akaanza na maneno yake ya Kijaluo. Akafika katikati, akanyamaza. Nilidhani analia. Kisha nikamsikia anasema kwa Kikisii, taratibu, kama mtu anayejaribu maji kwa mguu. Sikuwahi kumsikia akisema na Mungu kwa lugha aliyotugombezea sisi. Nilijifunika uso kwa blanketi, nikaona kama ninachungulia jambo lisilo langu.

Alimwambia mgongo unamuuma. Alimwambia ameanza kusahau sauti ya mume wake anapocheka, na hilo linamtisha kuliko njaa. Alimwambia wale wanawake wamemuumiza, kwa kuwa aliwahi kuwapalilia wote. Halafu akasema:

"Na mama hapo nyuma, umlinde. Anapika pombe, unajua mwenyewe. Lakini nikimsikia anakohoa asubuhi najua siko peke yangu."

Nyanya alikuwa na kikohozi cha alfajiri, cha tumbaku. Alfajiri hiyo kilikatika ghafla, na hakikurudi mpaka mama aliposema Amina na jiwe likaanza kusaga.

Tangu siku hiyo mama alisali kwa Kikisii, na nyanya hakukosa kutajwa. Ikifika zamu ya jina lake, kikohozi kinanyamaza. Mchana hakuna aliyelizungumza. Nyanya aliendelea kukaa ukingoni na kiko, ila maneno yake yalipungua, na siku moja nilimwona ameinama anang'oa gugu lililokuwa karibu na mguu wake, akalitupa haraka kama mtu aliyeiba.

Tulikuwa hatujafika hata nusu ya shamba mama alipoanguka. Ilikuwa homa, ile ya kutetemesha. Tulimbeba mimi na mdogo wangu mpaka mkekani, na tangu hapo alikuwa anatusikia mara moja moja tu. Baba mdogo alikuja, akamgusa paji la uso, akatikisa kichwa. Alisema atampa siku ya kesho apoe kidogo, na asubuhi ya pili atakuja na vijana wa kumbeba. Mimi nianze kufunga vyombo.

Nilivifunga kwa hasira. Nilikuwa na hasira na baba mdogo, na wanawake wa kilimani, na nitasema ukweli, nilikuwa na hasira na Mungu pia, aliyesemeshwa kwa lugha zote mbili na bado kimya.

Nyanya alinikuta nafunga. Alichukua fimbo yake akatoka, akapanda kilima kwa miguu yake mibovu, nyumba hata nyumba. Sauti yake niliisikia kutoka mbali, anagomba.

Asubuhi wanawake walikuja, wengi kuliko risaga yoyote niliyoiona. Mmoja wao, mnene, mcheshi, akasimama ukingoni akatazama huku na huku, akamwuliza nyanya, "Mama, chungu kiko wapi?"

"Chungu mlikimaliza," nyanya akamwambia. "Mmekunywa kwangu tangu mlipoolewa hapa. Wewe ulikunywa kwangu siku uliyozaa, ukaimba mpaka mtoto akaamka. Leo hakuna pombe. Pigeni magoti."

Wakapiga magoti. Walicheka, wakasengenya, wakaimba nyimbo ambazo mama angezikataza, na kabla jua halijageuka wimbi letu lote lilikuwa linapumua. Mimi nilipalilia katikati yao huku machozi yakinitoka, na yule mnene akajifanya hayaoni.

Jioni mama alipata fahamu kidogo. Nilimweleza. Unajua aliuliza nini? Aliuliza, "Walikunywa?"

"Hawakunywa, mama."

"Sasa walikuja kwa ajili gani?"

Nyanya alikuwa mlangoni. "Walikuja kwa pombe ya zamani," akasema. "Ilinywewa kabla hujaolewa. Mungu wako alikuwa hajafika. Lala."

Nilidhani mama atabisha. Alifumba macho, na usiku homa ikarudi kwa nguvu zaidi.

Asubuhi baba mdogo alifika na vijana wake wawili na kamba ya kumfunga mbuzi wetu. Alikuwa amelipita shamba, ameliona.

"Shamba limepona," aliniambia kwa upole, "lakini mwenye shamba je? Nyumba haiwezi kukaa na watoto watupu. Leta vitu."

Akaingia ndani, nami nyuma yake. Nyanya alikuwa humo. Alikuwa amekaa chini kando ya mkeka, miguu ameinyoosha mbele, mkono wake mmoja uko juu ya kifua cha mama. Hakutugeukia. Alikuwa anazungumza na mtu, na sauti ilikuwa ile ile ya kwenye chungu chake, ya kugomba.

"Mimi na wewe hatujuani," alikuwa anasema. "Lakini huyu hunitaja kwako kila asubuhi, kwa hiyo wewe unanijua. Leo ameshindwa kupiga magoti, nimekuja mimi. Na mimi magoti yangu hayakunjiki, kwa hiyo nimekaa, usinitafutie makosa. Shamba limepaliliwa, umeona. Mume wake ni mwanangu, mtazame huko aliko. Na huyu mrudishie nguvu zake. Hapa ni kwake, haendi popote."

Baba mdogo alikuwa amevua kofia bila kujua. Alisimama akimsikiliza mama yake, mwanamke aliyemlea kwa pombe, akisali. Kisha alirudi nje kinyumenyume, akakunja kamba yake, akawaambia vijana twendeni. Habari ya kutuhamisha hakuileta tena.

Ndani nyanya alikuwa amefika mwisho wa maneno yake na hajui namna ya kufunga. Aliangalia juu kwenye nyasi za paa, akangoja kidogo, akasema kama mtu anayeaga jirani, "Haya, basi. Ni hayo tu."

Mama, macho yakiwa bado yamefumba, akamsaidia kwa sauti ndogo sana. Akasema, "Amina."