Wekeni Chini Magunia ya Watu

Nimefundisha historia sekondari mpaka chaki ikaniingia mapafuni, na kila mwaka nilifunga darasa kwa swali lilelile: kwa haya aliyoyatenda, binadamu anastahili kubaki duniani? Wanafunzi waliandika ndiyo, kwa adabu tu. Jibu langu mimi lilikuwa hapana. Nilikuwa nimeshawasimulia watu waliouzwa kama mbuzi mnadani, babu zetu waliobebeshwa mizigo ya vita visivyowahusu, majirani waliochinjana huku wakijuana kwa majina. Sasa mtu wa namna hiyo abaki ili iweje?

Nikastaafu, nikarudi Isongole kulima viazi. Hasira sikuistaafisha.

Asubuhi moja ya mvua, fuso lililojaa viazi lilishindwa kukata kona chini ya shamba langu, likalala ubavu. Niliteremka mbio, jembe mkononi. Dereva alikuwa ametambaa akatoka, amekaa kwenye majani, anavuja damu kichwani, hasemi kitu. Magunia yalikuwa yamerundikana mtaroni. Na watu walishafika. Kumtazama dereva, wapi. Walikuja kubeba viazi.

Nawajua wale. Mzee wa kanisa aliyetuombea Jumapili alikuwepo. Mama mmoja niliyemfundishia watoto wanne alikuwa amefungua khanga anajazia humo. Gunia la lumbesa, lile linaloshindiliwa mpaka likaota kichwa, halinyanyuliwi na mtu mmoja, basi wakashirikiana. "Shika huko mwenzangu, moja, mbili, haya." Ushirikiano huo ukiuomba wa kuchimba mfereji wa maji huupati hata kwa dawa. Bodaboda wanapakia, wanaondoka, wanarudi. Wahenga walisema kufa kufaana, lakini huyu dereva hata kufa alikuwa bado.

Damu ilinichemka. Nikasimama katikati ya barabara nikapaza sauti, "Wekeni chini. Hata aibu hamna? Wekeni chini magunia ya watu." Nikamkamata mzee wa kanisa koti. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mwalimu, nisipochukua mimi atachukua mwingine." Nikawatukana wote, na matusi yenyewe siyaandiki hapa maana wajukuu wangu wanajua kusoma. Nikarudia, wekeni chini, wekeni chini, mpaka sauti ikakauka. Niliona nasema kwa niaba ya Mungu mwenyewe.

Ndipo walipoinua gunia moja, chini yake ukaonekana mguu wa mtu.

Alikuwa mpakiaji, mtu mzima mwenye mvi, aliyekuwa amepanda juu ya mzigo. Dereva hakutuambia, siku ile hata jina lake mwenyewe lilikuwa limempotea. Wale wezi wakayatupa magunia huku na huku, wakamtoa akiwa bado anapumua, wakasimamisha gari lililokuwa linapita, wakampakia yeye na dereva wapelekwe hospitali Tukuyu. Gari lilipopotelea kwenye ukungu, wakarudi mtaroni wakamalizia viazi. Hata robo saa ya kuwasamehe hawakunipa.

Baada ya miezi miwili yule mpakiaji akaja kwangu, anachechemea, mkononi ana kichane cha ndizi. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kushukuru.

"Ndaga fijo, mwalimu," akasema. Asante sana.

Nikamwambia ukweli, kwamba mimi sikumfukua, na kwamba wale anaowapelekea ndizi ni wezi. Nikamuuliza kama anajua hilo. Nilimuuliza kwa ukali, kama namuuliza mwanafunzi aliyechelewa.

Akaziweka ndizi taratibu kwenye kizingiti.

"Najua, mwalimu. Kila gunia walilochukua, kifua changu kilipata pumzi kidogo. Na sauti yako nilikuwa naisikia kule chini. Nilikuwa namwomba Mungu wasikusikilize."