Nguo Mbili za Eda

Tajudini, fundi cherehani wa mtaa wa Buyenzi, alikuwa ameandika kitabu kimoja tu maishani, nacho kilimpandisha juu kama moshi. Sleiman, mwenye duka la fotokopi mjini, ndiye aliyekichapa. Kabla mwezi haujaandama, kikawa kinauzwa katika soko la Jabe pamoja na sabuni na vitunguu, na kwa kinyozi Massoudi kinasomwa kwa sauti huku watu wakinyolewa. Mwaka huo wa tisini na tano risasi zililia kila jioni, na watu walikuwa na njaa ya kitu kingine cha kusikiliza. Tajudini akaacha kuitwa Fundi. Akawa Mwandishi.

Kitabu kilisimulia habari za mjane aliyemficha msichana ndani ya eda yake. Alimshonea nguo nyeupe kama yake, akamketisha mkekani kando yake. Na watu wenye panga walipofika waliishia mlangoni, kwa sababu chumba cha eda hakiingiwi na mwanamume wa kando. Wasomaji walilia. Walimuuliza Tajudini ameyatoa wapi mambo mazuri namna ile, naye akatabasamu tu.

Alikuwa ameyatoa mezani pake. Bi Jokha, mjane wa mfanyabiashara Bader, ndiye aliyemletea kitambaa cha nguo mbili za eda, ilhali nyumba ile ilikuwa na mjane mmoja. Ya pili ilikuwa nyembamba. Tajudini alishona bila kuuliza, lakini moyo wake haukunyamaza.

Jumatano moja kijana mmoja mpole, mwenye viatu vya jeshi, aliingia dukani na kitabu kwapani. Alikisifu sana. Kisha akaketi juu ya meza, karibu na mkasi.

"Mwandishi, ile nyumba iko avenue ya ngapi?"

Tajudini akasema ni ya kubuni.

"Apana. Mutu anabuni mapenzi, anabuni majini. Nguo mbili habuni." Kijana akacheka. "Ijumaa, watu wakitoka kuswali, utanionyesha."

Alipoondoka, Tajudini alifunga duka. Akaenda kwa Bi Jokha, akasimama nje ya pazia, akaeleza yote. Ndani mtu akakohoa, kikohozi cha msichana, kikazibwa haraka. Alikuwa Jovithe, binti wa majirani waliouawa. Kumtoa hakukuwezekana, njia zote zilikuwa na vizuizi.

"Mwanangu," alisema Bi Jokha, "mi nilikupa kitambaa. Sikukupa habari."

Tajudini alirudi nyumbani akijibanza kando ya kuta, na kila hatua iliyosikika nyuma yake ilikuwa ya viatu vya jeshi.

Ijumaa kwa Massoudi palijaa. Kijana alikuwa ameegemea mlango. Tajudini aliingia, akaomba kitabu kisisomwe tena.

"Hadithi si yangu," alisema. "Niliiiba. Kuna mzee wa Ujiji alinisimulia, nikangoja afe, nikaandika jina langu. Yalitendeka kule, zamani, hata mi sijazaliwa."

Wembe ukasimama shavuni mwa mteja. Machozi yalimtoka Tajudini, nayo hayakuwa ya uongo. Massoudi, aliyekuwa akijivuna kwa wageni kwamba Mwandishi hunyolewa kwake, alikunja uso.

"Kumbe we unashona na maneno ya maiti?"

Watu wakacheka kicheko kibaya. Mmoja akadai arudishiwe pesa yake. Kijana alimtazama Tajudini machoni, muda mrefu, na Tajudini hakuthubutu kupepesa. Kisha kijana akakitupa kitabu kwenye beseni la mapovu.

"Nimesumbuka bure kwa mwizi," akasema, akatoka.

Sleiman alizichoma nakala zilizobaki. Jabe wakafungia mandazi kwa kurasa za kitabu. Barabarani walimwita Mwizi wa Ujiji, na Tajudini aliitika, "Naam," akainamia cherehani. Kila alipoitwa hivyo alishusha pumzi: uongo wake ulikuwa bado unaaminiwa. Asubuhi wakipita bila kumtania, aliacha kushona, akachungulia upande wa nyumba ya Bi Jokha, kuona kama pazia bado limeshushwa.