Kufundisha Bahari Kutoka Boito

Mwalimu mkuu wetu alikuwa na tabia ya kutoa habari kubwa wakati watu wana mandazi mdomoni. Ijumaa moja, saa ya chai, aliinuka akatangaza kwamba shule imepata somo jipya la sayansi ya bahari na uvuvi, na mwalimu wa kulifundisha ameshapatikana. Niligeuka nimtafute huyo mwalimu. Wenzangu wote walikuwa wananitazama mimi.

"Madam, wewe si ni wa biolojia?" akasema. "Samaki ni biolojia."

"Lakini bahari sijawahi kuiona, mwalimu."

"Hata mwalimu wa historia hakupigana vita yoyote."

Staffroom ikaangua kicheko, na mwalimu wa historia akacheka kuliko wote. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya bahari.

Shule yetu iko Boito, katika nyanda za juu za Bomet. Ukisimama mlangoni mwa darasa, unaona chai, kisha chai, kisha miti ya Mau kwa mbali, kisha mawingu. Mvua hutujia karibu kila alasiri kama mgeni asiyebisha hodi. Maji tunayo mengi, ila hakuna tone lenye chumvi. Mume wangu, mwenye ng'ombe wa maziwa na maoni juu ya kila jambo, aliniuliza jioni hiyo kama atafute fundi wa kunichongea mashua.

Kitabu cha somo kilikuwa kizuri, lakini kila zoezi lilianza na maneno kama "nendeni ufuoni". Nilifundisha wiki za kwanza kwa kuruka mazoezi, na watoto wakaanza kuniona kama mtu anayesimulia habari za mwezini. Nilipokwenda kwenye semina ya walimu Kericho, nilimweleza mkufunzi shida yangu wakati wa chakula. Hakunihurumia. Alichukua simu yangu, akabonyeza hapa na pale, akanirudishia.

"Nimekuweka kwa kundi la walimu wa bahari," akasema. "Huko watakusaidia. Usikae kimya tu."

Nilikaa kimya. Kundi lenyewe lilikuwa kama soko la Jumamosi. Huyu anatuma picha za matumbawe, yule mpango wa kipindi kuhusu mikoko, mwingine maswali ya mtihani, mwingine video ya wanafunzi wake wakipekua madimbwi baharini maji yakiwa yamekupwa. Waliandika Kiswahili kile cha kwao, chenye maneno ya maji kama bamvua na mafu ndani yake, na mimi nikawa nasoma huku kamusi iko magotini. Kila mtu alikuwa na ufuo wake. Mimi nilikuwa na shamba la majani ya napia ya ng'ombe na mto unaopita chini yake.

Mwishowe somo la maji kujaa na kupwa likanifikia, na sikuweza kuliruka. Nikaandika: "Wenzangu, nawezaje kumweleza mtoto habari ya maji kwenda na kurudi, ikiwa mto wake huenda upande mmoja tu?"

Jibu likaja papo hapo. "Uko pwani gani, mwalimu?"

"Niko Boito."

"Boito iko upande gani wa Lamu?"

"Iko upande wa Bomet."

Halafu zikaanza kumiminika zile sura za kucheka machozi, moja baada ya nyingine, mpaka nikaigeuza simu kifudifudi mezani. Nilikuwa nimeshaamua kutoka katika kundi nitakapomaliza kusahihisha vitabu. Kabla sijamaliza, simu ikalia. Namba ngeni.

"Mwalimu, usituone twacheka ukadhani twakucheka wewe," ikasema sauti ya mwanamke. Alijieleza kuwa mwalimu wa Kwale, aliyefundisha somo hili tangu likiwa ni klabu tu ya wanafunzi. "Ni furaha ile. Hatujapata kuwa na mtu wa milimani."

"Mwalimu, kusema ukweli sijui hata nianzie wapi."

"Watoto wako wamewahi kushika kitu chochote cha baharini?"

Nikafikiri. "Chumvi."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi, dada yangu, nitakutumia vya kushika. Na hayo maji kujaa na kupwa, nitakupigia mwenyewe kwa video siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku zote, asubuhi na tena mchana. Nitasimama pale pale, kwenye nguzo ile ile. Wacha wajionee nguzo inavyofunikwa."

Alifanya hivyo kweli. Asubuhi watoto waliiona nguzo imesimama mchangani, kavu, na kunguru juu yake. Mchana waliona kichwa tu cha nguzo, na mwalimu wa Kwale amekunja kanga, amerudi nyuma ufuoni na hata huko maji yako magotini, anacheka. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji maelezo yangu. Walitaka tu kujua nani anayeyasukuma maji, na nilipowaambia ni mwezi na jua, mmoja akaomba tupige simu huko pia.

Sanduku la hivyo vya kushika nalo likaja. Lilishushwa na basi pale Sotik, na karani wa mizigo akanipigia simu kwa sauti ya mtu mwenye wasiwasi.

"Madam, ni wewe wa hii kitu? Kuja haraka. Customer wanauliza ni nini nimeficha hapa."

Mwalimu wa Kwale alikuwa ametia mwani, yale majani ya baharini, na haukuwa umekauka vizuri. Nililinusa sanduku kabla sijaliona. Jirani aliyekuwa amepeleka maziwa alikubali kunirudisha kwa pikapu yake, lakini akaweka sharti kwamba sanduku likae nyuma, na hata huko nyuma alilifunika kwa turubai. Shuleni nililifungua chini ya mti, wanafunzi wakiwa wamenizunguka, nusu wameziba pua. Ndani mlikuwa na makome, magamba ya konokono wa baharini, ya kila namna, mfupa wa ngisi mwepesi kama karatasi, chupa ya mchanga, mwani wenyewe mhalifu, na kitu kikavu chenye mikono mitano ambacho mwalimu alikuwa amekiandikia jina: kiti cha pweza.

"Madam, pweza hukikalia?" mmoja akauliza.

Sikujua. Nikaliuliza kundi pale pale, watoto wakisubiri. Majibu yakarudi kwa fujo, na la mwisho likawa la mwalimu wa Kwale: "Hatujamkuta amekaa. Lakini jina tumelipenda, hatulirudishi."

Tangu siku ile sikukaa kimya tena kundini. Nilikuwa nauliza jambo karibu kila siku, na kwa kuwa nami nilitaka kuwa na cha kutoa, nikawa natuma picha za mto wetu: viluwiluwi, majani yaliyooza, mawe yenye vijidudu chini yake. Nilishangaa kuona walimu wa pwani wakizihifadhi picha hizo kwa masomo yao ya maji baridi. Wao nao walikuwa na pengo.

Ubishi mkubwa ulitokea darasani muhula wa pili. Nilikuwa nimesema tu, kwa kupita, kwamba kila mto hatimaye huenda baharini. Nusu ya darasa ikadai maji yetu huenda Mombasa, kwa sababu bahari ndiko iliko. Nusu nyingine ikasema huishia ziwani. Msichana mmoja, ambaye wazazi wake walitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi katika kiwanda cha chai, akasimama.

"Madam, maji haibaki kwa ziwa. Nimefika Jinja, Uganda, kwa auntie. Inatoka hapo, inaenda."

"Inaenda wapi?"

"Naili."

Tukatandika ramani juu ya madawati mawili. Kidole chake kikaanza kwetu, kikafuata mito ya hapa hadi Sondu, kikaingia Ziwa Viktoria, kikatokea Uganda, kikapanda Sudan Kusini, Sudan, Misri. Wengine wakapanda juu ya viti waone. Kidole kikasimama Mediterania, na kwa mara ya kwanza mwaka ule darasa zima likainamia ramani bila mimi kugonga meza.

"Kwa hivyo," akasema mvulana wa nyuma, "bahari yetu iko Misri?"

Niliandika hayo kundini saa ya chakula. Mwalimu wa Kwale akajibu, "Miezi yote hii nakuita mgeni wa bahari, kumbe una yako!" Watu wakabishana mchana kutwa. Halafu mwalimu mmoja wa Mombasa akanitafuta pembeni. Alikuwa amekutana kwenye mkutano na mwalimu wa Misri, anayefundisha somo kama letu katika mji ulio karibu na pale Naili inapoingia baharini. Akanipa anwani yake.

Nilimwandikia yule Mmisri kwa Kiingereza cha tai na koti. Mume wangu akasoma juu ya bega langu. "Hii umeandika kama unaomba kazi," akasema. Nikafuta, nikaandika upya kama ninavyozungumza. Alijibu kesho yake. Alisema amefundisha mwisho wa mto huu miaka mingi, na hakuwahi kuzungumza na mtu anayeishi mwanzoni mwake. Je, tungeweza kuwakutanisha watoto?

Siku ya kukutana ilipofika, mvua iliwahi kuliko sisi. Stima zikapotea. Netiwaki ya shule ikashuka hadi kijistari kimoja, kisha nacho kikaondoka. Nilikuwa karibu kulia, nikiwa na mavazi yangu ya Jumapili, wakati mwalimu mkuu alipoingia amejifunika gunia kichwani.

"Twendeni kanisani," akasema. "Kule juu netiwaki haijawahi kukataa. Ndiyo maana simu hulia katikati ya mahubiri."

Tukapanda kilima, watoto wakiruka madimbwi, kompyuta ikiwa ndani ya koti la mwalimu wa historia. Tukaiweka juu ya mimbari. Mwalimu mkuu akaishika simu yake juu dirishani ili itugawie bando, na akakataa kupokewa. Kiduara cha kusubiri kikazunguka kiooni, kikazunguka, halafu ghafla kukawa na mwanga.

Mwalimu wa Misri alikuwa amesimama ufuoni na darasa lake. Nyuma yao bahari ilikuwa ya buluu mpaka macho yakaishiwa. Wimbi likaja, likarudi.

"Inapumua," mtu akasema kwa sauti ndogo.

Tulikuwa tumeandaa maswali ya maana kuhusu chumvi na joto. Hakuna aliyeyakumbuka. Walitaka kujua kama maji yetu yamefika. Mwalimu wa Misri hakuwadanganya. Aliwaeleza kwa Kiingereza, nami nikitafsiri, kwamba safari ni ndefu mno, kwamba mengi hupotea njiani, kwenye vinamasi na jua na mashamba ya watu, na kinachofika ni kidogo sana.

"Lakini kidogo inafika?" yule msichana wa Jinja akauliza.

"Kidogo, ndiyo."

Wakapiga makofi kana kwamba wameyaleta wenyewe kwa ndoo.

Kisha mtoto mmoja wa Misri akauliza kile kijani chote kinachoonekana mlangoni mwa kanisa ni nini. Nikamjibu ni chai. Kukawa na mnong'ono upande wao, vicheko, mtu akakimbia, na akarudi na glasi ya chai nyeusi pamoja na pakiti yake. Mwalimu wao akaisogeza kwenye kamera ili tuisome. Ilikuwa imeandikwa kwamba chai hiyo imetoka Kenya.

Msichana wa benchi la mbele, ambaye mama yake huchuma kwenye shamba la kampuni, akaruka juu. "Hiyo ni ya mama!"

Ghafla kila mtu alikuwa na mama au shangazi ndani ya ile glasi. Mtoto wa Misri akaiinua, akainywa yote mbele yetu, na kanisa likalipuka. Nilimwona mwalimu mkuu akijifuta uso kwa mkono wake huru. Aliniambia mvua imemwingia machoni. Alikuwa ndani, dirisha likiwa limefungwa. Netiwaki ikakatika muda mfupi baadaye, na hakuna aliyelalamika.

Habari za simu ile zilitembea zenyewe. Mwalimu wa Kimulot akaja kuuliza tulifanyaje. Wa Sotik akapiga simu, akaleta na rafiki yake wa ng'ambo ya mpaka wa kaunti, upande wa Kisii. Sasa tuna kundi letu la walimu wa bahari wa huku juu. Tunakutana Sotik kila muhula, hotelini, tunabadilishana vifaa na kulaumiana kwa kutovirudisha. Jina la kundi halijapatikana mpaka leo, kwa sababu kila upande wa mpaka unataka mto wake utajwe kwanza.

Mwezi uliopita tuliamua kuacha maneno, tukaenda kijito cha Kimulot kuchunguza viumbe wa majini. Maji yale hutoka msituni na baridi yake haina adabu. Mwalimu wa Kisii, aliyetuhakikishia kwamba amezaliwa mtoni, aliteleza kwenye jiwe la kwanza kabisa, akazama mpaka kiunoni. Tulikimbia kumvuta. Akakataa mkono wetu.

"Ngojeni, ngojeni! Kuna mtu ameshika kidole yangu!"

Akainua mkono. Kwenye kidole alikuwa amening'inia kaa, mdogo, wa rangi ya udongo, mwenye hasira zake zote. Tulisahau kumwokoa mwenzetu. Kila mmoja akatoa simu apige picha. Yeye mwenyewe alisimama pale anatetemeka, meno yanagongana, anatusihi tusogee karibu, picha zisije zikaikosa miguu ya kaa.