Maandishi ya Mlangoni

Fundi umeme yule walimwita Kanuni, maana hakuchoka kuzitaja. Swichi kuu, alisema kila siku, lazima ifikiwe na yeyote bila kuomba ufunguo. Lakini katika ghorofa lile la zamani swichi kuu ilikuwa kwenye kichumba cha chini ya ngazi, na mwenye nyumba alishakipangisha kwa muuza viatu, ambaye alikifanya stoo na kukitia kufuli.

"Bosi, hii haifai," Kanuni alimwambia mwenye nyumba. "Siku umeme ukimnasa mtu, watazimaje?"

"Wewe shughulika na nyaya, milango niachie mimi. Kama roho inakuuma, andika pale nje."

Kanuni angeweza kugoma. Wapi! Alichukua brashi, akaandika mlangoni kwa herufi nyekundu zilizonyooka: HATARI IKITOKEA, ZIMA HAPA. Jino la pembe si dawa ya pengo, na hilo alilijua. Bado alirudi nyuma hatua mbili kuusifu mwandiko wake.

Jumanne asubuhi, mama mmoja wa ghorofa ya pili alinaswa na umeme wa hita ya maji. Mumewe alishuka ngazi mbio, majirani nyuma yake. Walipofaulu kulivunja kufuli na kuzima, mama wa watu alishakata roho.

Msibani Kanuni alijibanza nyuma ya wenzake. Mfiwa mwenyewe ndiye aliyemfuata.

"Fundi, ni wewe uliyeandika pale mlangoni?"

"Ni mimi, kaka. Pole sana."

"Uliandika vizuri. Tulisoma wote."