Nilimsingizia Mamkubwa Maji Niliyoyamwaga Mimi

Nimekosa. Naanza na neno hilo ili usije ukadhani nakuzungusha. Nimekosa kosa la mtu mzima mwenye akili zake, mchana kweupe, jikoni kwangu mwenyewe.

Lakini nisikilize vizuri, maana kosa langu si lile linalosemwa. Wanasema nilikosa kwa kushika spana na mimi ni mwanamke. Hapana! Spana nitaishika tena kesho. Wanasema nilikosa kwa kumweka mama mzee kwenye nyumba ambayo mkataba wake una jina moja tu. Hapana, tena hapana! Kosa langu ni lingine, ni baya kuliko hayo, na ndilo nililokuja kulitapika hapa.

Naishi Columbia Heights, huku ughaibuni, nyumba ya kupanga, ghorofa ya pili. Nilikuwa naishi na Mamkubwa, dada mkubwa wa mama yangu. Mama alifariki nikiwa mdogo, na Mamkubwa ndiye aliyenilea kule Mombasa. Alinisuka nywele, alinipeleka chuoni, alinikalia macho nilipougua surua. Mwanawe, Rashidi, ndiye aliyemfanyia karatasi za kuishi huku, akamweka kwake Champlin, kwenye nyumba nzuri iliyo karibu na mto.

Mamkubwa alikaa Champlin mwezi mmoja. Rashidi na mkewe wanashinda kazini. Watoto wakirudi shule anawasalimu kwa Kiswahili, wanamjibu kwa Kiingereza, wanapanda ngazi. Theluji nje, kimya ndani. Siku moja akanipigia simu.

"Mwanangu, huku nimetundikwa kama picha ukutani. Njoo unichukue."

Nikaenda siku ile ile! Na sijutii. Kwangu alipata duka la kwendea kwa miguu, akapata akina mama wa kuswali nao na kuteta nao, akacheka tena kile kicheko chake kinachoanzia tumboni.

Shida ilikuwa mkataba. Ulisema mgeni hukaa wiki mbili. Mamkubwa alikaa miezi mitano.

Kwa hiyo nilimficha. Kila meneja wa jengo alipotangaza kwamba atapita kukagua king'ora cha moshi, nilikusanya viatu vyake mlangoni, msala wake, leso zake, dawa zake, nikavisukuma chini ya kitanda. Yeye nikamtoa nje kwa matembezi, iwe baridi, iwe jua. Mama aliyenilea nikamgeuza kitu cha kusukumwa chini ya kitanda! Na nilijiita mwerevu.

Na kwa sababu ya kumficha, sikuwahi kumwita fundi wa jengo. Kitasa kikilegea, natengeneza mwenyewe. Mfereji ukidondoka, natengeneza mwenyewe. Marehemu baba alikuwa fundi wa mifereji, na likizo zote za shule nilimbebea mkoba wake wa vyombo. Alikata tyubu kuukuu ya baiskeli vipande virefu vyembamba, akafunga navyo bomba lolote la Mombasa. Maji yanatoka wapi? Pale? Pafunge pale. Vuta, zungusha, kaza. Mikono yangu inaijua kazi hiyo kama inavyojua kufunga kitambaa kichwani.

Sasa ikaja ile Jumapili.

Tulikuwa na wageni saba wa chakula cha mchana. Mamkubwa alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Yeye, kila akichuja tui, machicha huyafunga kwenye gazeti akayatupa. Siku ile mimi ndiye niliyechuja, na nilikuwa na haraka. Nikayamwaga yote kwenye sinki, nikawasha kile kinu kilicho chini yake cha kusaga mabaki. Kikanguruma, kikameza. Nikasahau.

Vyombo vilikuwa mlima. Tuna mashine ya kuosha vyombo, lakini Mamkubwa alikuwa hajawahi kuiamini. Aliifanya kabati la sufuria.

"Sahani inaoshwa na mkono unaoijua," alisema. "Hili sanduku lanijua mie?"

"Leo lipumzishe goti lako, Mamkubwa. Kaa."

Nikatoa sufuria, nikapanga sahani, nikaiwasha. Ilipofika wakati wa kutema maji machafu, nikasikia sauti kama mtu anayesukutua. Kando ya mfereji kuna kifuniko kidogo cha chuma, kama kofia ndogo inayoenea kiganjani. Nilikiona kila siku na sikuwahi kukiuliza kazi yake. Humo maji yalikuwa yanaruka! Machafu, yenye punje za wali, yanamwagika juu ya meza ya sinki.

"Lavuja," Mamkubwa alisema. "Mwite mwenye nyumba."

"Akija atakuona."

"Basi na anione! Mie mwizi?"

Nilishuka stoo, nikatoa tyubu ya baiskeli yangu ya zamani, nikaikata. Nikaifunga ile kofia ya chuma raundi baada ya raundi, nikapaka gundi ya silikoni juu. Kazi safi! Baba angeipigia makofi. Jumapili jioni sinki lilikuwa kavu, nami nikatembea jikoni kifua mbele.

Jumatatu asubuhi nikajaza vyombo vilivyobaki, nikaiwasha mashine, nikashika basi kwenda kazini Saint Louis Park.

Saa nne hivi simu ikalia.

"Maji!" Mamkubwa alikuwa anahema. "Yatoka chini ya kabati, yaenda ukutani. Na kuna mtu abisha mlango. Ni yule bibi wa chini. Nimfungulie?"

Carol, jirani wa chini, ni bibi wa Kizungu anayeishi peke yake. Mtu mpole. Wakati wa Krismasi hutuachia biskuti mlangoni.

Unajua nilisema nini? Nimeapa kusema yote, basi nasema.

Nilisema, "Usifungue! Usimfungulie mtu! Kausha tu, naja."

Akanitii. Mama wa miaka sitini na nane, mwenye magoti mabovu, alipiga magoti kwenye sakafu ile akakausha maji kwa taulo, zilipoloa akachukua leso zake. Na nyuma yake mlango unabishwa, unabishwa, jirani anaita jina langu, naye amenyamaza kama mtu aliyevunja nyumba ya watu! Mimi niko kwenye basi, nabadilisha basi la pili.

Nilipofika, mlango ulikuwa wazi. Meneja alikuwa ameingia kwa ufunguo wake. Kipande cha dari ya Carol kilikuwa kimeanguka juu ya jiko lake. Carol mwenyewe alisimama ukumbini na koti juu ya nguo za nyumbani. Mamkubwa alikaa kwenye kiti cha jikoni, buibui limeloa hadi magotini, mikono mapajani.

Fundi wa jengo alikuwa amelala chali, kichwa ndani ya kabati la sinki. Akatoka, akaonyesha ile kofia ya chuma na raundi zangu za tyubu. Alieleza bila ukali. Mpira unaotoa maji kwenye mashine hupanda hadi kwenye kofia ile, halafu hushuka kwenye kinu. Machicha yalikuwa yameziba pale mpira unapoingia kwenye kinu. Maji yakikosa njia, kofia huyatemea sinkini, ili mwenye nyumba aone kwamba kuna kizuizi chini. Ndiyo kazi yake. Mtu alipoifunga, maji yaliusukuma mpira hadi ukachomoka ndani ya kabati, na kila mashine ilipotema, ilitema ukutani.

Kisha akauliza, "Nani aliyefunga hapa?"

Nikamtazama meneja. Nikawaza mkataba. Nikawaza barua ya kufukuzwa. Mdomo wangu ukafunguka, na kwa Kiingereza kizuri, kile ninachojibia simu ofisini, nikasema:

"Ni mamkubwa wangu. Ni mgeni, amefika wiki iliyopita. Hajui mashine za huku."

Ee Mola! Yale maneno yalitoka mepesi, hata hayakunikwaruza koo!

Na usidhani hakuelewa. Mamkubwa alifanya kazi hoteli za watalii pwani kwa miaka mingi. Kiingereza anakijua, Kitaliano anakijua. Mimi nilijua anajua. Alinitazama mara moja tu. Halafu akamgeukia Carol, akaweka mkono kifuani.

"Yes," alisema. "Me. I am very sorry, mama."

Carol akamwambia si kitu, hata yeye mashine hizo humshinda. Wakashikana mikono. Wazee wawili wakapeana heshima mbele yangu, na mimi nimesimama katikati, sina hata chembe ya heshima hiyo.

Walipoondoka, Mamkubwa akaenda chumbani. Nikamsikia anafungua sanduku.

"Mamkubwa, wafanya nini?"

"Mie ni mgeni wa wiki moja, siyo? Basi wiki imekwisha."

Nililia, nikamshika miguu. Hakunisukuma, hakunitukana. Alikunja leso zilizoloa akazitia kwenye mfuko wa plastiki. Rashidi akaja kumchukua.

Hapo ndipo watu walipopata la kusema. Kwanza habari ilienea kwamba Mamkubwa mshamba, kaharibu nyumba ya watu kwa kutojua mashine. Mama mmoja alinisimamisha dukani akanipa pole, "kulea wazee huku kazi kweli." Nilipokea ile pole! Niliipokea, nikaibeba nyumbani pamoja na vitunguu.

Siku ya tatu nikaingia ofisini kwa meneja bila miadi. Nikamwambia, mimi ndiye niliyefunga. Mimi ndiye niliyemwaga machicha. Na hakufika wiki iliyopita, amekaa miezi mitano, na mkitaka kunitoa nitoeni, lakini jina lake lifuteni kwenye ripoti hiyo. Nilisema nimesimama. Sikulia. Machozi yangu yalishaisha kwa anayestahili kuyaona.

Meneja akashusha pumzi. Gharama za dari akasema zitanifuata mimi, nikasema sawa. Halafu akauliza, "Kwa nini hukuomba aongezwe kwenye mkataba?"

Akavuta droo, akatoa fomu. Ukurasa mmoja! Jina lake, nakala ya kitambulisho, sahihi yake. Miezi mitano nilimficha mtu chini ya kitanda kwa sababu ya ukurasa mmoja ambao sikuwahi kuuliza kama upo.

Jumapili nikaenda Champlin na fomu ile. Nyumba ilijaa. Rashidi alikuwa amealika jamaa, wanaume sebuleni, wanawake jikoni. Nikampata Mamkubwa anakata kachumbari.

"Shikamoo, Mamkubwa."

"Marahaba."

"Nimekwenda ofisini. Nimewaambia ukweli wote."

Kisu hakikusimama. "Umewaambia kwa Kiingereza."

"Ndiyo."

"Ulinisingizia mbele ya wageni, ukanisafisha mbele ya wageni. Sasa nisafishe mbele ya watu wangu. Kwa Kiswahili. Waite."

Nikasimama kwenye mlango wa sebule, mbele ya sinia za wali, nikasema yote. Machicha. Tyubu. Mlango niliokataza usifunguliwe. Uongo. Sauti ilikatika mara mbili, nikaiokota.

Rashidi ndiye aliyesema kwanza, kwa mzaha wake.

"Haya, bibi fundi! Gari langu nalo lavuja mafuta. Utalifunga kwa tyubu ama kwa leso?"

Wakacheka. Mzee mmoja akatikisa kichwa, "Ndiyo maana kazi za wanaume waachiwe wanaume."

Pale nikachemka! Nikamwambia, "Mzee wangu, kwa heshima zote. Mpira ule nimeurudisha mwenyewe. Nimeufungua, nimeuchokoa machicha, nimetia klipu mpya, na fundi wa jengo ameukagua akasema uko sawa. Mkono wangu ulikosea, ukajifunza. Kilichomvunjia heshima Mamkubwa ni ulimi. Na ulimi tunao sote, wanaume kwa wanawake."

Nyuma yangu, jikoni, nilisikia mtu anacheka, na kicheko kilianzia tumboni.

Usifurahi mapema. Nilipompa fomu alikausha mikono kwanza, akaisoma yote, mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Hakutia sahihi.

"Niachie," alisema. "Nitafikiri."

"Mpaka lini, Mamkubwa?"

"Wewe ulinificha miezi mitano bila kuniuliza. Mie nami nifikiri nitakavyo."

Mpaka leo hajatia sahihi. Chumba chake sijakigusa. Vyombo naosha kwa mkono.

Sasa nakwambia wewe unayesoma haya na una mtu wako nyumbani ambaye viatu vyake unavificha mtu akibisha. Mwandikishe! Uliza ofisini, hata kama moyo unadunda. Wakikataa, utajua la kufanya, lakini usimfanye mama yako siri. Maji yakitokea mahali usipopaelewa, uliza pale ni pa nini kabla hujapafunga. Na ukiharibu, sema mimi. Neno ni fupi. Mimi nililishindwa jikoni mwangu mbele ya watu watatu, leo nalisema mbele yenu nyote.

Wanaocheka wacheke. Wanaosema nisubiri mwanamume wa kushika spana, wasubiri wao. Hukumu moja tu ndiyo ninayoitambua, na mwenye kuitoa yuko Champlin, anafikiri.

Jumapili hii nakwenda tena. Na ijayo, na ile nyingine. Atie sahihi, asitie, nitakwenda.